Kinga Yake Haikuwa Dhaifu

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, dobi wa hospitali alifungua mlango wa nyuma ili amwage maji aliyonawia uso, akakuta foleni kizingitini. Walikuwa kama mia tatu, kila mmoja urefu wa kijiti cha kiberiti, weupe, mwili ukipitisha mwanga kidogo kama kipande cha sabuni kilichobaki chembamba. Dobi akamwaga maji upande wa pili, asije akawalowesha.

“Shikamoo, baba,” akasema aliyetangulia. “Sisi ni zamu ya leo. Tumepangiwa kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Mama yuko wapi?”

“Marahaba. Mama amefariki.”

Neno likapita kutoka mbele kwenda nyuma, na lilichukua muda, maana wa mwisho walikuwa wamesimama karibu na bomba.

“Pole sana, baba. Lini?”

“Inakaribia wiki mbili.”

“Hatukuambiwa.”

Dobi aliliona hilo kuwa la kawaida. Alikuwa amefanya kazi hospitali ile miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo habari hazikuwahi kushuka kutoka juu ila zikiwa za kukaripia. Mkewe alipokufa, moyo ulijua, mapafu yakajua. Uboho, uliojifungia ndani ya mifupa ukichapa kazi bila kelele, hakuna aliyekumbuka kuupelekea taarifa. Ukaendelea kutoa askari kila siku kama ulivyozoea, na askari, walipokuta mishipa imekauka, walitoka makaburini kwa miguu wakafuata anwani pekee waliyoijua.

“Basi tupe kazi yoyote,” akasema yule wa mbele. “Sisi tuna leo tu.”

Dobi aliwaonyesha ukungu ulioota ukutani nyuma ya kabati, akaenda kazini. Aliporudi saa kumi na moja jioni, ukuta ulikuwa safi, maziwa ya juzi yalikuwa hayajachacha, na wale mia tatu walikuwa wamejilaza kwa mistari kwenye kizingiti, wakubwa kwa wadogo, ingawa wote walizaliwa jana yake. Jua lilipozama walikauka wakawa unga mweupe, usiozidi kijiko cha chai. Dobi aliufagia kwa brashi ndogo ambayo marehemu alikuwa akiondolea nyuzi kwenye nguo alizoshona. Asubuhi, saa ile ile, foleni nyingine ilikuwa mlangoni.

“Shikamoo, baba. Sisi ni zamu ya leo. Mama yuko wapi?”

Ikawa hivyo kila siku. Mjane mwingine huutangaza msiba mara moja, watu wakalia, wakala, wakaondoka. Yeye aliutangaza kila asubuhi, kwa watu wapya, wasio na kosa. Wiki ya kwanza alilisema huku amewapa kisogo. Ya pili alijifunza kulisema neno huku akimimina chai, macho kwenye kikombe.

“Si uwabandikie tangazo mlangoni?” akasema shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye alikaa mtaa wa pili na alikuja kila Jumapili kumwangalia kama bado anakula.

“Hawajui kusoma.”

“Kama wewe.”

“Kama mimi.”

Dobi aliishia darasa la nne. Barua zake zote alikuwa akiandikiwa na mkewe, fundi cherehani mwenye mwandiko wa kuringia, na alikuwa akisomewa naye pia. Ndiyo maana cheti cha kifo kilikaa wiki tatu ndani ya bahasha, chini ya redio, bila kuguswa. Jumapili ile shemeji alikitoa, akakisoma kwa sauti hadi alipofika mstari wa sababu. Hapo akashusha sauti.

“Wameandika: udhaifu wa kinga ya mwili wa marehemu.”

“Soma tena.”

Akasoma tena. Juu ya meza, askari wawili wa zamu ya siku hiyo waliokuwa wakisafisha ukingo wa sahani waliacha kazi.

“Udhaifu wa nani?” akauliza mmoja.

Shemeji akakikunja cheti, akakirudisha ndani ya bahasha.

Mwanamke yule alikuwa akibeba cherehani kichwani, chuma na meza yake, kutoka nyumbani hadi kibarazani alikoshonea, na kurudi nayo jioni. Katika miaka ishirini na mbili ya ndoa dobi alimwona akilala mgonjwa mara mbili. Kisha sindano ya cherehani ikamchoma kidole, jeraha dogo la kuchekwa, akaenda hospitali kufungwa bandeji, akabadilishiwa bandeji siku ya pili, na ya tatu, akalazwa siku ya tano, na siku ya kumi na moja akatolewa akiwa amefunikwa shuka ambayo dobi aliinyoosha kwa mkono wake mwenyewe. Sasa wakubwa wa hospitali waliomuua walikuwa wameketi, wakachukua kalamu, wakaandika kwamba kosa ni lake.

Dobi alitaka mstari ule ufutwe. Hakutaka kingine. Hakutaka mtu afukuzwe wala afungwe. Alishawajua wakubwa, huwapati kwa mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Alitaka tu mkewe asikae ardhini na neno lile juu yake.

Jumatatu aliomba ruhusa ya nusu saa, akachukua askari kumi na wawili wa zamu ya siku hiyo kwenye kisosi, akapanda nao hadi masijala. Karani wa masijala alikuwa mtu wa miwani na sweta, msimu wowote. Alikitazama kisosi.

“Hawa ni nani?”

“Kinga ya marehemu mke wangu. Nimewaleta uone kama ni dhaifu.”

Karani akawatazama vizuri. Wale kumi na wawili walijipanga, wakatoa vifua mbele.

“Hawana ubaya,” akakiri. “Lakini walizaliwa lini?”

“Jana,” wakajibu kwa pamoja.

“Mkeo amekufa mwezi uliopita, dobi. Hawa wameshuhudia nini? Kanuni iko wazi. Kubadilisha cheti kunahitaji shahidi aliyekuwepo. Anatoa maelezo siku ya kwanza, anarudi mwenyewe siku ya saba kuyathibitisha, ndipo Mganga Mkuu anapoyasoma. Waliopigana wenyewe wako wapi?”

“Wamekufa,” akasema mmoja kisosini. “Kila mmoja siku yake.”

“Basi nitafikiria. Njooni kesho.”

Kumi na wawili wakatazamana. Katika chumba kile dobi peke yake ndiye aliyeelewa maana ya neno hilo, na hakuwa na moyo wa kuwafafanulia.

Alipokuwa akishuka ngazi, mmoja wao kisosini alimwuliza kama ni kweli waliopigana walikuwa wengi.

“Wengi sana.”

“Uliwaona?”

Dobi alikuwa amewaona. Kila bandeji ya mkewe ilipita kwenye beseni lake. Kile cheupe chenye manjano kilichokuwa juu yake, ambacho manesi walikipangusa kwa kukunja pua na yeye akakiondoa kwa maji na sabuni, walikuwa ni wao, waliofia kazini kwa maelfu. Aliwafua. Hakuna aliyemwambia kuwa ni watu.

“Niliwaona,” akasema.

Siku ya ishirini na tisa baada ya mazishi alifika mmoja ambaye hakuja kwenye foleni. Alikuja saa nne usiku, peke yake, mzee wa kike, mnene, akitembea kama mtu aliyekaa maisha yake yote. Na kweli alikuwa amekaa. Alisema ana miaka arobaini na moja kazini, ndani ya mfupa wa nyonga, kiti kile kile, tangu marehemu alipougua surua akiwa na miaka mitano. Tangu siku ile kazi yake ilikuwa moja: kufuma kamba ndogo za kumfunga surua, akirudi. Hakurudi. Yeye aliendelea kufuma. Hata sasa, akiongea, mikono haikusimama, na kamba zisizoonekana zilikuwa zikimwagika mapajani mwake kwa maelfu. Umbali wa kutoka makaburini ulimchukua siku tisa.

Dobi alimwita Bibi wa Surua, akamwekea kifuniko cha chupa akalie.

“Nimesikia unatafuta shahidi,” akasema Bibi. “Hawa watoto wa siku moja wana moyo, lakini vichwani hamna kitu. Usiwalaumu. Wanapewa fimbo na njia, basi. Wapo wengine waliopelekwa shule.”

“Nanyi mna shule?”

“Ilikuwepo moja, nyuma ya mfupa wa kifua. Wakiingia mia wanafaulu wawili, na aliyefeli harudi kwao. Anamalizwa humo humo. Siku hizi imebaki kama gofu, imejaa mafuta.”

Dobi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. “Kumbe mie nilipata shule ya huruma.”

“Mimi mwenyewe sijui lolote la kidole,” akaendelea Bibi. “Mimi ni wa surua. Lakini yupo binti. Alizaliwa siku ya nane ya jeraha, kwenye tezi la kwapa la kushoto. Alisomeshwa kumjua adui yule mmoja tu, sura yake, meno yake, nguo zake. Alipohitimu, vita ilikuwa imekwisha kupotea. Yuko kule kwapani bado, anamsubiri. Huyo si wa siku moja, mwanangu. Hao wanaojua kukumbuka wanaweza kukaa miaka arobaini.”

“Atakuja?”

“Nimeshamwita. Nimemtangulia tu kwa sababu wewe ndiye mwenye nyumba, na ana maneno ambayo hutayapenda.”

Binti alifika Jumapili, shemeji akiwepo. Alikuwa mwembamba, mkimya, na viganja vyake havikuwa bapa kama vya wenzake. Vilikuwa na mabonde na vilima, vilivyochongwa kufuata sura ya adui yule. Alisimama katikati ya meza, kati ya chumvi na kikombe, akaeleza bila kupandisha sauti.

“Hakuingia na sindano. Jeraha la sindano lilikuwa safi, zamu ya kwanza ililifunga siku hiyo hiyo. Aliingia siku ya pili, bandeji ilipobadilishwa. Aliingia na glavu. Wenzangu walipomkamata wa kwanza alikuwa na utelezi wa sabuni ya mche ya bluu.”

Shemeji alimgeukia dobi. Ndani ya hospitali ile sabuni ya mche ya bluu ilikuwa moja, nayo ilikuwa kwenye rafu ya chumba cha kufulia.

Dobi aliweka mikono yote miwili mezani.

Glavu, alieleza dobi, ni za kuvaa mara moja na kutupa. Kila mtu anajua hivyo, hata Mganga Mkuu, kwa kuwa imechapwa kwenye boksi. Lakini miaka mitatu iliyopita Mganga Mkuu aliamuru zisitupwe, ziteremshwe kwa dobi. Wakati ule boila lilikuwa zima, na dobi alizichemsha. Boila likafa mwezi uliofuata. Alikwenda ofisini kwa mguu wake mara kumi na moja kusema boila limekufa, akaambiwa alete kwa maandishi. Mkewe akamwandikia barua. Barua ikapokelewa. Tangu hapo amekuwa akizifua kwa maji baridi na sabuni, anazianika, anazipaka poda, zinapanda.

“Kwa hiyo ni wao,” akasema shemeji.

“Ni wao. Ngoja nimalize.” Akasema kwa haraka, kama anayetapika. “Siku ile ya pili nilijua anakwenda kubadilishiwa bandeji. Sikutaka avaliwe zile ngumu, zinakwaruza. Nikachambua bunda zima. Nikamtolea zile laini kuliko zote, nikampelekea nesi mkononi, nikamwambia, hizi ni za mama watoto.”

“Sasa?”

“Glavu huwa laini kwa kufuliwa, shemeji. Laini kuliko zote ndiyo iliyofuliwa mara nyingi kuliko zote.”

Bibi wa Surua aliendelea kufuma. Shemeji aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

“Nikisema mbele ya karani,” akasema Binti, “nitasema na sabuni. Siwezi kusema nusu. Sikufundishwa hivyo.”

Dobi aliiacha chai ikapoa. Angeweza kumwambia arudi alikotoka, cheti kikabaki kilivyo, na yeye akabaki mjane mwenye wa kumlaumu na roho iliyotulia. Alifikiria ule mstari.

“Sema na sabuni,” akasema.

Karani aliandika maelezo kurasa nne. Pale palipohitaji saini, Binti aligandamiza viganja kwenye kidau cha wino na kuvipiga kwenye karatasi, vikaacha alama ya adui, ndogo, safi, ikaonekana kila jino. Karani aliipuliza ikauke, akaipeleka maabara pamoja na glavu tatu kutoka stoo. Jibu lilirudi kabla ya saa nane: ni yule yule, kwenye glavu zote tatu.

Alipokuwa akitafuta faili la chumba cha kufulia, karani alikuta na barua. Ilikuwa na muhuri wa IMEPOKELEWA, bila maandishi mengine. Aliisoma yote. Iliomba kwa heshima boila litengenezwe, kwani glavu zisizochemshwa zinaweza kumdhuru mgonjwa yeyote.

“Mwandiko mzuri,” akasema, akaitoboa matundu mawili na kuiweka pamoja na maelezo.

Zikapita siku sita. Zamu sita zilikuja zikaisha. Kila asubuhi dobi aliwaambia mama amefariki, na sasa aliongeza na glavu, kwa kuwa aliona hawastahili nusu. Walisikiliza, wakampa pole, wakaomba kazi. Wa siku ya nne walimwuliza kama na yeye ni wa siku moja, maana alionekana amechoka sana.

Asubuhi ya siku ya saba shemeji alisimama mlangoni, kajifunga vizuri, mkoba mkononi.

“Nimekuja kukusindikiza,” akasema. “Sijakusamehe. Nimekuja kukusindikiza.”

“Karibu chai.”

“Chai yako maji matupu. Twende.”

Ofisi ya Mganga Mkuu ilikuwa na zulia, feni mbili, na kiti kimoja cha mgeni. Shemeji alikikalia. Binti alisimama juu ya meza, akathibitisha maelezo yake neno kwa neno, na Mganga Mkuu alimsikiliza kwa adabu, hata akasogeza kalamu zake asimkwaze. Alikuwa mtu wa sauti laini. Alisoma kurasa nne, jibu la maabara, na barua.

“Ni kweli tupu,” akasema. “Sina la kupinga hata moja. Nawapa pole kwa dhati.”

“Basi ufute,” akasema dobi.

“Nifute niandike nini?”

“Uandike glavu.”

Mganga Mkuu akafungua droo, akatoa fomu mpya, akamgeuzia. Kisha akakumbuka, akamgeuzia shemeji. Palikuwa na visanduku vitatu.

“Uzee,” shemeji akasoma. “Ajali. Udhaifu wa kinga.”

“Unaona mwenyewe, mama. Uzee haukuwepo. Ajali wanataka ripoti ya polisi. Hospitali haipo kwenye fomu.” Alisema kwa masikitiko, kama mwenye duka aliyeishiwa chumvi. “Na neno dhaifu msilichukulie kama tusi. Ni la kitaalamu. Kinga iliyoshindwa inaitwa dhaifu.”

“Iliyoshindwa na nani?” akauliza Binti.

“Hilo nalo halimo.”

Dobi aliuliza habari za boila. Mganga Mkuu alisema limo kwenye mpango. Aliuliza habari za glavu. Mganga Mkuu alisema atatoa waraka leo leo, na kweli aliutoa, adhuhuri ulikuwa umebandikwa: kuanzia sasa dobi aongeze sabuni. Nakala nyingine iliingia kwenye faili la dobi mwenyewe, ikiwa onyo la kwanza.

Walitoka hadi kwenye korido. Shemeji alifungua mkoba, akafunga, hakutoa kitu. Alimshika dobi mkono, akauachia, akasema atakuja Jumapili na chai yake mwenyewe. Kutoka chini, mtu alipiga kelele kwamba dobi anatafutwa, glavu za wodi tatu zimeshushwa na ziko mlangoni.

Binti hakushuka naye. Aliomba awekwe kwenye benchi, mbele ya dirisha la masijala, na dobi akamweka, akamtandikia leso asiteleze.

“Hizo fomu hubadilishwa?” Binti akamwuliza karani.

“Zikija mpya.”

“Huja lini?”

“Hizi nilizikuta nilipoajiriwa.” Karani alivua miwani, akaifuta kwenye sweta. “Ni mwaka wa thelathini na mbili huu.”

“Na wewe unastaafu lini?”

“Mwakani, Mungu akipenda.”

“Na Mganga Mkuu?”

“Amebakiza sita.”

“Mimi nimebakiza arobaini, au karibu na hapo,” akasema Binti, bila majivuno, akakaa vizuri juu ya leso.

Karani aliona ni haki. Alivuta daftari la wageni, akaandika tarehe, akaandika shahidi, akaandika saa ya kuingia. Sehemu ya saa ya kutoka akaiacha wazi.